Majina Yaliyosomwa Barazani

Kibaoni, Ifakara
Jumamosi, 11 Februari 1956

Shangazi Yosefina ameletwa leo mchana kwenye lori la mpunga, amelazwa juu ya magunia kama mzigo usio na mwenyewe. Dereva hakutaka kumgusa. Aliniita kutoka barabarani, "Mwalimu, njoo umshushe mtu wako," kisha akawasha sigara na kutazama pembeni.

Taya limevimba mpaka jicho moja limefumba. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjwa, vimelala upande kama si vyake. Mgongoni fimbo zimepita juu ya fimbo. Nilimuuliza ni nani aliyempiga. Akasema, kwa shida, "Mtoto wa kaka yangu."

Kaka zake walikuwa wawili tu, na wote ni marehemu. Mmoja ni baba yangu, aliyeniacha mimi peke yangu. Wa pili ni baba mkubwa wa Kiberege. Basi ni Viktor. Nililelewa naye nyumba moja, nikala naye sahani moja.

Mtoto wa kiume wa Viktor alikufa wiki iliyopita kwa homa na degedege. Walipotoka makaburini, mama yake Viktor, Mama mkubwa Margareta, alisema mbele ya watu kwamba mtoto alikuwa amekunywa uji kwa Yosefina. Maneno yakatosha.

Nimemlaza kibanda cha uani pamoja na Bibi Balbina, niliyempokea mwaka jana. Huyu alifukuzwa kwao, ng'ambo ya mto. Mamba alimchukua mkwewe, watu wakasema mamba ni wake. Alimsogezea shangazi mkeka, akasema, "Karibu. Mimi ni wa mamba. Wewe ni wa nini?"

"Wa uji," shangazi akasema.

Wakacheka, vikongwe wawili, mmoja na taya bovu. Mimi nilitoka nje kulia.

12 Februari

Mvua tangu alfajiri. Shangazi hawezi kutafuna.

Alhamisi, 16 Februari

Viktor amekuja. Alisimama kwenye maji ya uani, hakutaka kuingia chini ya paa langu. Amekonda.

"Sikuja kwa ugomvi, dada," alisema. "Nataka anyolewe. Aende kwa mganga, anyolewe nywele, anywe dawa, uchawi umtoke. Wangapi wamenyolewa na wanaishi na watu wao? Nimebakiwa na mtoto mmoja."

Nilikwenda kibandani kumwambia shangazi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Anayenyolewa ni mchawi," akasema. "Nikikaa mbele ya wembe nimekiri kwamba nilimuua. Mimi ndiye niliyempokea yule mtoto alipozaliwa, kwa mikono hii. Mwambie hapana."

Nilirudi nikamwambia Viktor hapana. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizwa njia naye haijui, akaondoka.

18 Februari

Dionisi, seremala jirani yangu, amenitengenezea komeo la mlango wa kibanda bila kuombwa. Mdogo wake Leodegar alimsaidia huku akiimba nyimbo za jeshini. Leodegar alipigana Burma. Wakati yuko huko, mama yao alipigwa hadi kufa kwa neno lile lile, uchawi, na Dionisi alikuwa amejificha shambani. Kila mtu hapa analijua hilo. Nami nimekuwa nikimdharau kwalo, ingawa anajua kutengeneza komeo.

Jumanne, 21 Februari

Jana alikuja tarishi kuniita, leo nimekwenda mwenyewe kwa Jumbe Polikarpo. Alikuwa amekaa ofisini kwake, miguu juu ya kigoda kwa sababu sakafu ina maji.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia umeanzisha chama."

"Nina vikongwe wawili na jungu la uji."

"Na Dionisi, na Leodegar, na wale kina mama wanaoleta unga baada ya Misa. Watu wakikutana kwa nia moja ni chama. Kuna sheria ya mwaka juzi: chama kisichoandikishwa ni haramu. Au ni TANU wanaingia kwa mlango wa nyuma?"

"Si siasa, Jumbe."

"Wachawi ni siasa mbaya kuliko zote," alisema, na hakuwa akitania. "Nisikilize. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Andikeni katiba. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Mahenge, ataipeleka kwa Msajili wa Vyama, Dar es Salaam. Mkishindwa, nitafunga ile nyumba na kila mmoja atarudishwa alikotoka."

Nilimwambia kumrudisha Yosefina Kiberege ni kumuua. Akasema ndiyo maana ananieleza habari za sheria.

Jumapili, 26 Februari

Mkutano baada ya Misa, chini ya paa la karakana ya Dionisi. Watu walikuja wengi kiasi, wakatupongeza, wakala mihogo. Niliposema wenye nia waandike majina, kila mmoja akakumbuka kazi nyumbani.

Tulibaki watatu. Mimi nimekuwa katibu kwa kuwa ndiye ninayeandika. Leodegar ni mweka hazina. "Mlinzi wa sanduku tupu," alisema, akapiga saluti. Nafasi ya mwenyekiti ilibaki wazi, tukatazamana. Dionisi alikuwa anafagia maranda ya mbao. Hakuinua kichwa.

"Andika langu," alisema.

3 Machi

Kuna mtu amemwaga kinyesi kisimani kwetu. Tunakinga maji ya mvua.

Alhamisi, 8 Machi



Leo kulikuwa na baraza. Nilidhani Jumbe atazungumzia kodi na tuta la mto. Alipomaliza hayo akachukua karatasi yetu, akasema kuna chama kinataka kuandikishwa cha kuwatunza wanawake waliofukuzwa makwao, na ni haki watu wajue nani anakiongoza. Akasoma. Dionisi, mwenyekiti. Natalia, katibu. Leodegar, mweka hazina. Alisoma polepole, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo.

Sikuwahi kusikia jina langu likitoka kinywani mwa mtu namna ile. Wanawake waliokuwa wamekaa karibu nami walisogea. Mama mkubwa Margareta alikuwepo, amekuja kutoka Kiberege na mwanawe. Alisimama akapiga kelele, "Hao ndio wanaowafuga! Wanawalisha ili watule!" Bonge la tope lilinipiga shavuni. Viktor hakupiga kelele. Alingoja kukawa kimya, akasema, "Asante, Jumbe. Leo tumewajua."

Nilimfuata Jumbe ofisini. "Kwa nini uliwasoma?"

"Bwana Shauri ataniuliza kama watu wanakijua chama hiki. Nitasema wanakijua."

Nimemchukia mtu huyu leo kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote.

10 Machi

Darasani kwangu nusu ya viti ni vitupu. Wazazi wanawatoa watoto. Wengine ni surua, imeingia mjini.

12 Machi

Mvua. Mvua.

Jumatano, 14 Machi

Wamemkata Dionisi mkono.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua inapiga bati la duka la jirani kiasi kwamba mtu hasikiki. Waliingia karakanani wanaume watano. Walimlaza juu ya meza yake ya kazi. Wawili walikaa juu ya miguu, mmoja alimshika kichwa, mmoja alinyoosha mkono wa kulia kwenye ukingo wa meza. Wa tano alichukua shoka la Dionisi mwenyewe, lile analolinoa kila jioni. Alisema, "Huu ndio uliotia sahihi." Halikukata mara moja. Alipiga, akapiga tena.

Aliyekuwa amenyoosha mkono ni Viktor. Dionisi ameniambia hivyo mwenyewe, amelala hospitali ya misheni, midomo myeupe. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Alikuwa analia, Natalia. Alinishika huku analia. Anayelia hivyo unamkumbuka."

Leodegar ndiye aliyemfikisha hospitali, amemfunga mkono kwa shati lake. Kisha alirudi karakanani, akaosha meza kwa maji ya moto, akauchukua ule mkono na kwenda kuuzika mahali ambapo hakutaka kunionyesha. Tangu hapo hajaimba.

Jumamosi, 17 Machi

Polisi mmoja amefika kutoka Kiberege, nusu ya njia akiwa ndani ya maji. Ameandika maelezo. Waliokata wametawanyika mashambani, na mashamba yote sasa ni ziwa. Anasema maji yakipungua watakamatwa.

Nilikwenda kwa Dionisi nikiwa nimekwisha kuamua. Nilimwambia nitalifuta jina lake, hakuna atakayemlaumu.

"Ukilifuta, mkono umekwenda bure," alisema. "Nenda Mahenge."

Niliona haya. Mtu huyu nilimpima kwa siku moja ya maisha yake.

Leodegar ananoa panga mbele ya nyumba yangu. Nilimwomba akanoe kwake. "Hapa ndipo kazini kwangu," alisema.

Jumapili, 25 Machi

Nimerudi kutoka Mahenge. Kivuko hakivuki, gari haziendi. Nilivuka kwa mtumbwi kati ya vichwa vya matete, mpiga kasia akiniomba nisizungumze kwa sababu ya viboko, na upande wa pili nikatembea hadi Lupiro kabla ya kupata lori la kupanda milimani. Katiba niliifunga kwenye kipande cha mpira na kuivaa tumboni.

Karani aliisoma akakunja uso. "Wanaotuhumiwa uchawi. Hili neno haliwezi kwenda Dar es Salaam. Kuna sheria ya uchawi. Mzungu atauliza kama chama chenu kinahifadhi wahalifu."

"Hawajahalifu."

"Basi kwa nini wanatuhumiwa?" Alikuwa anauliza kweli, hakuwa mtu mbaya. Tulikaa mezani pake mchana kutwa tukitafuta maneno. Alitaka "wazee wasio na makao". Nikakataa, maana makao wanayo, na watu wengine wamelala ndani yake. Tukaishia "wanawake waliofukuzwa makwao kwa dhuluma."

Bwana Shauri ni kijana, ana mafua. Aliuliza kama kuna hatari ya fujo. Nikasema, "Mwenyekiti wangu hana mkono." Alitia sahihi, akasema karatasi zitashuka pwani kwa posta ya kwanza, na mpaka jibu lije tusifanye mikutano. Nikaomba askari. Akasema maji yakipungua.

Kila mtu anangoja maji yapungue isipokuwa wale wenye mashoka.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Baada ya kubusu msalaba, Mama mkubwa alinisubiri nje ya kanisa akanipiga kofi. Mkono wake ni mzito. Ndio ulionisuka nywele utoto wangu wote. "Umemchagua nani, Natalia?" aliuliza. Nilijifuta damu ya mdomo kwa kanga.

11 Aprili

Tumezika watoto wawili wa darasa langu leo. Kila tunaporudi makaburini watu hupitia mbele ya nyumba yangu, hata kama si njia yao. Hawasemi kitu. Wanasimama kidogo, kisha wanaondoka.

14 Aprili

Wamesimama tena. Mara hii walirusha mawe.

Jumanne, 17 Aprili

Dionisi bado yuko hospitali, kidonda kimeoza kidogo. Nilipokuwa natoka kwake nilimkuta Viktor kwenye baraza ya wodi ya watoto, amempakata binti yake amefunikwa blanketi. Surua imemjaa hadi kwenye macho. Tulikuwa hatua chache kutoka kwa mtu ambaye Viktor alimshika mkono ili ukatwe, na nilijua natakiwa kupiga kelele aitwe polisi. Sikupiga.

"Mwambie shangazi aache," alisema. "Natalia, mwambie aniachie huyu mmoja."

"Ni surua, kaka. Imewachukua watoto wangu darasani. Hakuna aliyewaroga wote."

Alimlaza binti sakafuni, akashuka ngazi, akapiga magoti kwenye tope mbele yangu. Watu wakitazama. "Nimekupigia magoti," akasema. "Kamwambie nimepiga magoti."

Nilimwambia shangazi. Sikuficha kitu, hata kwamba sikuita polisi. Uji wake ulipoa bila kuguswa.

Jumatano, 18 Aprili

Shangazi amekubali. "Sikuua mtu," alisema. "Lakini ikiwa kichwa changu kitamfanya alale, akichukue."

Hakutaka mganga. Alitaka mimi. Nilimnyoa uani kwa wembe wa Leodegar, mvua imetulia kidogo, nywele nyeupe zikidondoka kwenye kanga. Bibi Balbina alikataa kutazama. "Wewe wa uji," alisema akiwa amegeukia ukuta, "umewauzia kichwa chako." Leodegar naye alisema ni makosa. Mimi nilidhani ni amani. Kesho asubuhi nitampeleka hospitali, Viktor aone mwenyewe.

Ijumaa, 20 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Binti ya Viktor alikufa jana alfajiri, kabla hatujatoka nyumbani. Walimzika saa nane mchana. Tulisikia kengele, kisha tukasikia wanakuja, na mara hii hawakuwa kimya. Walikuwa wengi kuliko barabara. Mvua ilikuwa kubwa, nyuso zao zote zinateremka maji, na mbele alikuwa Viktor na koleo la kaburini bado mkononi, na Mama mkubwa pembeni yake ameshikiliwa na wanawake wawili.

Leodegar aliniambia niingie kibandani na vikongwe, akasimama mlangoni. Nilifunga komeo. Walijaribu kuchoma paa, lakini nyasi zilikuwa zimelowa tangu Februari, moto ukafa na kuacha moshi tu. Ndipo walipoanza kubomoa. Walichukua michi ya kutwangia na miti ya ua wangu wakawa wanapiga ukuta kwa pamoja, kama wanaotwanga mpunga. Udongo ukaanza kuanguka ndani. Bibi Balbina alikuwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, mgongo ukutani. Nilimvuta. Akauondoa mkono wangu. "Mimi nimekwisha kukimbia mara moja," alisema.

Ukuta ulimwangukia. Nilisikia mbavu zake.

Shangazi alifungua mlango. Sikumwona akisimama. Nilikuwa nafukua udongo kwa kucha, nikageuka, yuko nje, ametoa kitambaa, kichwa kitupu kwenye mvua. Alimwita, "Viktor, baba, tazama! Nimefanya ulivyotaka!"

Nilimwona Viktor akikitazama kile kichwa. Nilidhani ataangusha koleo. Sauti ya Mama mkubwa ikapasua, "Amekubali! Amenyolewa! Amekiri!" Na uso wa Viktor ukabadilika. Alichokuwa anakishuku sasa alikuwa amekipata. Kichwa kile nilikinyoa mimi.

Aliinua koleo kwa mikono miwili akalishusha. Shangazi aliinamisha bega, likamkata bega. Leodegar alimpiga Viktor panga la shingo kutoka ubavuni, Viktor akapiga magoti, koleo likaanguka. Ilikuwa imekwisha. Mimi ninayeandika haya nilikuwa karibu kiasi cha kuwagusa wote wawili, na nasema ilikuwa imekwisha. Leodegar aliendelea. Alipiga mkono wa kulia, akaupiga tena mpaka ukaachana, akapiga mgongo, akapiga kichwa, anahesabu kwa Kiingereza kama jeshini. Watu walikimbia wakiteleza. Mama mkubwa peke yake hakukimbia. Alikaa chini akakipakata kile kilichobaki.

Jumbe Polikarpo alifika na tarishi mmoja na mwavuli. Alimwambia Leodegar, "Weka chini, mwanangu." Leodegar akaweka. Jumbe akamfunga mikono kwa kamba ya mwavuli, kwa kuwa hakuwa na pingu.

21 Aprili

Tumemzika Bibi Balbina. Tulikuwa wanne pamoja na mchimba kaburi.

Alhamisi, 26 Aprili

Maji yamepungua. Askari wamefika kwa gari zima. Wanne waliobaki kati ya wale wa karakanani wamekamatwa bila kelele, mmoja akiwa anapalilia.

Afisa wa polisi alinihoji nyumbani kwa Jumbe. Aliuliza habari za mapigo ya panga. Nilijua jibu ambalo lingemsaidia Leodegar. Nilijua pia kwamba Viktor alikuwa kaka yangu. Nilisema, "Pigo la kwanza lilimwokoa shangazi yangu. Mengine yalikuwa ya mkono wa Dionisi." Akaandika.

Jumbe alikuwa pembeni akisikiliza. Afisa alipomuuliza chama hiki ni halali au haramu, alijibu, "Kimeomba. Mimi ndiye niliyewasoma majina mbele ya watu, na aliyesomwa kwanza ndiye aliyekatwa mkono. Ukiandika haramu, andika na hilo." Alipotoka nje alisimama nami kidogo akiukunja mwavuli usio na kamba. Sijamsamehe. Simchukii tena vile vile.

30 Aprili

Dionisi ametoka hospitali. Amesikia nilichomwambia polisi. Hanisemeshi.

Jumamosi, 12 Mei

Jibu limekuja, lina muhuri wa Dar es Salaam. Tumeandikishwa. Kuna masharti: mkutano mkuu kila mwaka, taarifa, na mabadiliko yoyote ya viongozi yapelekwe kwa Msajili mapema.

Mweka hazina wetu yuko gerezani Mahenge, anangoja jaji. Nilimpelekea habari Dionisi karakanani. Alikuwa anajifunza kupiga randa kwa mkono wa kushoto, ubao ameubana kwa goti. Alisikiliza, akasema neno lake la kwanza kwangu tangu hospitali: "Yosefina." Hivyo shangazi ndiye mweka hazina. Alitia dole gumba.

Nilingoja aseme lingine. Aliendelea na randa.

20 Mei

Tunajenga upya kibanda. Wale kina mama wa unga wameanza kurudi. Mmoja ameleta jina lake.

Ijumaa, 8 Juni

Mpunga umeiva bondeni kote. Watu wanavuna, na wakivuna wanazungumza. Leo nimejua walichokuwa wanazungumza.

Adhuhuri nilisikia kelele barabarani. Nilitoka na mchi mkononi kabla sijafikiri. Kundi lilikuwa dogo, vijana wengi wao, wanamsukuma mtu mbele yao kwa fimbo. Walimfikisha kwenye ua wangu wakamwachia hapo. "Mpokeeni wenu!" mmoja akasema. "Wajukuu wawili na mwana katika masika moja! Amewala wote, amebaki yeye!"

Alikuwa Mama mkubwa Margareta. Walikuwa wamemnyoa kwa kipande cha chupa. Sikio moja lilikuwa linaning'inia. Alikuwa ametembea kutoka Kiberege, na miguu ilionyesha.

Nilisimama mlangoni. Sikumpisha. Nilitaka aanguke pale. Nilimwona tena akipiga kelele kwenye mvua, nikasikia mbavu za Bibi Balbina, na mchi ulikuwa mwepesi mkononi mwangu kama kijiti.

Hakuomba aingie. Alisema, "Mimi ndiye niliyesema habari za uji. Fanya unavyotaka, ila nipe maji kwanza."

Dionisi alikuwa amekuja kutoka karakanani, maranda yamemng'ang'ania kwenye mkono mtupu wa shati. Vijana walipomwona walianza kurudi nyuma. Hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Katibu," alisema. "Usizibe mlango."

Shangazi Yosefina alinipita kwa bega lake lililopinda. Alimshika wifi yake kwapani, akamkokota hadi kwenye mkeka wa Bibi Balbina, akampa maji kwenye kata. Hakumsalimu. Margareta alikunywa, yakamwagika kifuani, akanywa tena. Shangazi akasema, "Mwoshe kichwa, Natalia. Mimi vidole vyangu havikunji."

Basi nilichemsha maji nikatia chumvi. Nilipiga magoti nyuma yake nikaanza kuosha. Vipande vya chupa vilikuwa ndani ya nyama. Nilibonyeza kuliko ilivyohitajika. Alijua. Mgongo wake ulikakamaa, lakini hakutoa sauti wala hakuuondoa kichwa. Nikabonyeza tena, nikaona damu mpya inashuka shingoni.

Niliacha. Nikamwaga yale maji nje, nikaenda kuchota mengine.